Kifua kinachobana kazini: tujue pumu inayoletwa na kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa shirika letu huko Baraka. Komite imeomba yaandikwe kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wanaosoma gazeti hili.)



Komite iliniomba niseme juu ya afya kazini. Hilo ni jambo refu, lingetuweka hapa siku tatu. Nimechukua kipande kimoja tu: pumu, ule ugonjwa ambao wengine wanauita asime, lakini ile pumu inayoamshwa na kazi yenyewe. Juu ya nini hiyo? Kwa sababu nikipita kwenye kartie kuwatembelea wanachama waliopewa vifaa vya kuanzia kazi, nakuta kikohozi kinafuata aina fulani za nyumba. Kinafuata mashine za unga, menuizeri, matanuru ya mikate, saluni za nywele. Na mwenye kukohoa karibu kila mara ananiambia: «Ni mafua tu, itapita.»

Tukumbushane kwanza tunaongea na nani. Wengi wetu tuliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, tulikuta shamba limekuwa pori, au lina mtu mwingine ndani. Kilichotushika mkono ni ufundi. Wako waliojifunza useremala kambini, wako waliojifunza kuoka, wako waliopata mashine ya kusaga kupitia kikundi. Kwa hiyo mimi siwezi kuja hapa na kusema tu: «Kazi hiyo inakuumiza, iache.» Kumwambia mtu aache ufundi wake ni kumwambia aondoe sahani mbele ya watoto. Lakini kunyamaza nako kuna bei yake, na bei hiyo inapanda kila mwaka mtu anapoendelea kuvuta vumbi. Leo tutafute njia katikati ya hayo mawili.

Pumu ni nini

Ndani ya kifua kuna mirija ya kupitisha hewa, inayogawanyika kama matawi ya muembe. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hiyo imewaka ndani, imevimba. Ikiguswa na kitu isichokipenda, nyama zake zinajikaza, makamasi yanajaa, njia inakuwa nyembamba. Hewa inaingia kwa shida, na kutoka inakuwa shida zaidi. Ndipo unasikia ile sauti ya filimbi mtu anapotoa pumzi.

Pumu haiambukizi. Ukila sahani moja na mwenye pumu, hupati kitu. Na haitoki kwa jirani aliyekutupia kitu usiku. Nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu najua familia ambazo zimemaliza mbuzi wao kwa kutafuta mchawi, wakati mchawi mwenyewe alikuwa gunia la unga.

Kazi inaleta pumu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: mwili unajifunza kukataa kitu. Hii ndiyo inayotudanganya zaidi, kwa sababu haianzi siku ya kwanza. Inaweza kuchukua wiki, miezi, hata miaka. Mtu anasema: «Miye nimesaga miaka sita, unga haujanifanya kitu. Iko aje leo?» Ndiyo hivyo inavyokuwa. Miaka yote hiyo mwili ulikuwa unahesabu. Siku ukishakataa, hata vumbi kidogo, lile ambalo mwenzako halioni, linatosha kukufunga kifua.

Njia ya pili: gesi kali mara moja. Mama anaosha choo, anamwaga Javel, kisha anaongeza asidi ya kusafishia ili kiwe cheupe upesi. Vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Javel na amonia nazo zinatoa gesi nyingine mbaya. Ukivuta nyingi ndani ya chumba kilichofungwa, mapafu yanaungua, na wengine wanabaki na pumu toka siku ile. Wamama wa usafi, nawaomba: Javel ichanganywe na maji peke yake.

Njia ya tatu: mtu alikuwa na pumu ya zamani, pengine tangu utoto, na kazi inaichochea. Mama anayekausha samaki juu ya moshi, kijana anayechomea vyuma, mtu anayebeba makaa. Kazi haikuzaa ugonjwa, lakini inauamsha kila siku.

Jambo hili siyo la kizungu cha juzi. Mwaka 1700, munganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya mafundi, wakiwamo wasagaji na waoka mikate wanaovuta unga. Aliwataka waganga wenzake waongeze ulizo moja mbele ya mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na bado kwenye vituo vyetu ulizo hilo linasahaulika. Wataalamu wa mapafu wanahesabu kwamba kwa watu wazima walioanza pumu ukubwani, karibu 1 kati ya 6 kazi ina mkono ndani yake.

Kazi zetu zipi?

Unga wa ngano ndio unaojulikana sana duniani. Waoka mikate wanaumia na unga wenyewe, na pia na ile poda ya kuongeza mkate, ambayo ndani yake mara nyingi kuna kitu kinaitwa amilazi. Kwa mashine za mahindi na muhogo, vumbi halina unga peke yake: kuna ukungu, kuna wadudu wadogo wa ghala, kuna maganda. Muhogo uliokauka vibaya ukawa na weusi, ukisagwa, unapeperusha ukungu wote ule usoni mwa msagaji.

Vumbi la mbao ni la pili. Mbao hazifanani. Mvule, ambao tunausifu kwa sababu hauliwi na mchwa, ni kati ya miti inayojulikana kuleta pumu na kuwasha ngozi. Kupiga msasa ni kubaya kuliko kupasua, maana vumbi lake ni laini na linabaki hewani muda mrefu.

Kwenye saluni, angalieni ile poda ya kuondoa rangi ya nywele: ina persulfati. Kwa wapaka rangi ya magari, ile dawa inayochanganywa ili rangi igande ina isosianati, nayo ni kati ya vitu vinavyoleta pumu ya kazi kwa wingi sana. Wanaochambua kahawa mbichi, vumbi la kahawa na la magunia yake. Wafugaji wa kuku, manyoya na mavi makavu. Wauguzi wetu, glavu za latex zenye poda. Wanaotengeneza sabuni, mvuke wa soda kostiki unachoma koo.

Sisemi kila mtu ataugua. Wengi watafanya kazi hizi mpaka uzee bila kitu. Lakini kati ya watu wa kazi moja, daima wako wachache ambao mwili wao unakataa, na hatuwezi kujua mapema ni nani.

Namna ya kutambua

Shikeni maulizo matano haya. Yanaweza kuulizwa na mke, na mume, na fundi mkubwa kwa mwanafunzi wake.

1. Kikohozi, filimbi au kubanwa kulianza baada ya kuingia kwenye kazi hii, au baada ya kitu kipya kuletwa kazini?
2. Siku za kupumzika, unajisikia vizuri zaidi? Ukisafiri wiki mbili kwenda matanga au kutembelea ndugu, kifua kinafunguka?
3. Ukirudi kazini, kinabana tena?
4. Kabla ya kifua, pua ilianza kuwasha na kutiririka, macho yakawa mekundu? Kwa watu wa unga mara nyingi pua ndiyo inayopiga kengele kwanza.
5. Je, kuna mwenzako wa kazi ileile mwenye shida kama yako?

Tuwe na akili na lile la pili. Pumu ya kazi mara nyingi haitokei palepale. Mtu anasaga asubuhi, kifua kinabana saa mbili ya usiku, au anaamshwa usiku wa manane. Basi anasema: «Ni baridi ya ziwa.» Na ugonjwa ukishakaa sana, hata siku moja ya Mungu haitoshi kupumzisha mapafu, inahitaji wiki nzima au mbili. Kwa hiyo mtu asiseme «hata Jumapili nakohoa, basi siyo kazi».

Kuna kijana mmoja wa mashine ya unga, sitataja jina wala kartie. Alikohoa mwaka na zaidi. Alinunua vidonge vya antibiotiki mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Alipimwa kifua kikuu, hakuna. Siku moja mashine iliharibika, ikakaa wiki tatu ikingoja kipande toka Uvira. Wiki ya pili akaanza kulala usiku mzima. Mama yake ndiye aliyeona, akasema: «Mashine ikilala, na wewe unalala.» Sentensi ile ya mama ilisaidia kuliko vidonge vyote alivyomeza. Tulichofanya baadaye ni kuiandika tu kwenye daftari ili munganga aione.

Kuandika ni kazi rahisi. Chukua daftari la shule, kila siku andika: nimefanya kazi gani, nimekohoa lini, usiku nimeamka mara ngapi. Kama sentre ya afya ina kile chombo kidogo cha plastiki cha kupulizia, kinachoonyesha nguvu ya pumzi kwa namba, ni vizuri zaidi. Unapuliza mara tatu, unaandika namba kubwa. Unafanya hivyo mara nne kwa siku tangu kuamka mpaka kulala, kwa wiki nne kama inawezekana, na ndani yake ziwemo siku za kazi na siku za mapumziko. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za kupumzika, munganga ana ushahidi mkononi.

Lakini sikilizeni neno moja kabla ya yote: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu kwanza. Hasa kama kuna homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, au damu kwenye makohozi. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Mtu asijifiche nyuma ya neno pumu.

Kupunguza vumbi

Watu wananiuliza kwanza juu ya maske. Miye naiweka mwisho. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Maske ya hospitali nayo inapitisha pembeni. Maske za aina ya FFP2 zinasaidia zikikaa vizuri usoni, lakini zina bei na zinachoka. Kazi ya kweli ni vumbi lisipande hewani.

Kwa mashine ya unga: mfuko wa nguo nzito ufungwe vizuri pale unga unapotokea, na ukipasuka ushonwe siku ileile. Moshi wa motere utolewe nje kwa bomba. Fungueni kuta za pande mbili ili upepo upite, na msagaji asimame upepo ukitoka mgongoni mwake. Magunia yasikung'utwe ndani.

Kwa mikate: unga umwagwe polepole, karibu na chombo, siyo kutoka juu. Kuchanganya kuanze taratibu mpaka unga ulowe.

Kwa menuizeri: kupiga msasa kufanyike nje, chini ya kivuli. Na hapa kwa wote: msifagie pakavu. Nyunyizeni maji kidogo au futeni kwa kitambaa kibichi. Kupuliza vumbi kwa kompresa ni kulirudisha puani.

Ukimaliza kazi, badilisha nguo na osha uso kabla ya kumbeba mtoto. Nguo ya kazi isilale chumbani.

Dawa

Kuna dawa za aina mbili, na kuzichanganya kichwani kunaua watu. Ya kwanza inafungua: salbutamoli, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Ventoline. Inafanya kazi kwa dakika chache, lakini haizimi moto ulio ndani. Ya pili inazima moto: dawa za kuvuta kama beklometazoni au budesonidi. Hiyo inatumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Mtu anayeishi kwa pompi ya kufungua peke yake, mara kwa mara kila siku, yuko hatarini. Arudi kwa munganga.

Na vile vidonge vya deksametazoni vya sokoni, nawasihi. Vinaleta nafuu, ndiyo maana vinapendwa. Vikiliwa miezi na miezi bila munganga, vinapandisha sukari, vinalegeza mifupa, na mwili unasahau kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo.

Pompi inaingia vizuri zaidi kupitia chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi kama kile chombo cha kununua. Toboa chini ya chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pompi, lizibe pembeni hewa isitoke, weka pompi hapo, na mgonjwa avute kwenye mdomo wa chupa. Puliza mara moja, avute pumzi polepole mara nne au tano, kisha puliza tena.

Mtu akishikwa sana, hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, anachanganyikiwa: mtoeni kwenye vumbi, akae wima, msimlaze. Salbutamoli mara 4 hadi 10 kupitia chupa, mkirudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza, huku pikipiki tayari inawasha kuelekea hospitali. Kifua kikinyamaza, filimbi ikapotea na mtu bado anahangaika, siyo kupona. Ni hatari kubwa.

Kubaki au kutoka

Sasa neno gumu. Kwa yule ambaye mwili wake umeshakataa unga au mbao, dawa na mfuko wa mashine vinasaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni kutokutana tena na kitu hicho. Anayetoka mapema ana nafasi nzuri. Anayengoja miaka, hata akitoka, mara nyingi pumu inabaki naye. Kwa jumla ni karibu mmoja kati ya watatu tu anayepona kabisa baada ya kuondoka.

Sheria ipo. Sheria ya kazi nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, na CNSS inahusika na magonjwa ya kazi kwa wale walioandikishwa. Kama umeajiriwa, uliza kama umeandikishwa. Lakini tuambizane ukweli: wengi wetu hatuna mwajiri wala karatasi. Na wako wenye kuajiri, najua mmoja wa mikate, wanaomjibu mgonjwa: «Mwenye kifua chepesi aende.» Kwa hiyo mlango wa kwanza wa mwanachama ni shirika hili.

Ninaleta maombi manne mbele yenu. La kwanza: mfuko wetu wa kusaidiana, ambao leo unalipa matanga na uzazi, ukubali pia kumshika mkono mwanachama anayebadilisha ufundi kwa sababu ya kifua, kwa miezi michache ya mwanzo. La pili: ndani ya kikundi, tubadilishane nafasi kabla ya kufukuzana. Yule kijana wa mashine leo anapima na kuandika hesabu kwenye kibanda cha pembeni, mwenzake anasaga. Hela ya kikundi haikupungua. La tatu: shirika linunue vyombo viwili vya kupima pumzi, vizunguke kati ya wanachama. La nne ni kwa wafadhili wetu: mnapotoa mashine, tafadhali hesabuni ndani yake bomba la moshi, mfuko wa vumbi na paa lililo wazi. Mashine bila vitu hivyo inamlisha mtu kwa mkono mmoja na kumziba pumzi kwa mwingine.

Maulizo yaliyotoka kwa wanachama

Mama mmoja aliuliza: maziwa yanaosha vumbi kifuani? Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Kunywa kama chakula, siyo kama dawa.

Mzee mmoja aliuliza kama mwenye pumu anaweza kumeza aspirini akiumwa kichwa. Wengine hawapati shida, lakini kwa baadhi ya wenye pumu, aspirini na ibuprofeni zinafunga kifua. Parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi. Mwambie anayekuuzia dawa kwamba una pumu.

Kijana mmoja aliuliza: nikiwa na pumu tangu utoto, nisijifunze useremala? Sitakukataza. Lakini ongea na munganga kwanza, chagua kazi ya kuunganisha kuliko kupiga msasa, na ukiona kifua kinabadilika, usingoje mwaka.

Komite imekubali kuweka ombi la kwanza na la tatu kwenye ajenda ya mkutano ujao. Njooni mpige kura. Na leo jioni, ukifika nyumbani, mwulize yule anayekohoa: mashine ikilala, na wewe unalala?